Ripoti ya Lifti ya Kumi na Nne

Siku ya nne baada ya kifo cha fundi Taratibu, Inspekta alimwita shemeji wa marehemu kituoni kwa mara ya tatu na kumuuliza swali lile lile.

"Uliandika ripoti au hukuandika?"

"Niliandika."

"Lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za chumba cha mota, kishikwambi kiko magotini."

"Uliandika nini?"

"Lifti ya kumi na nne. Pedi za breki zimebaki milimita mbili. Isimamishwe."

Neno kwa neno, ni yale yale aliyoyasema Jumanne na Jumatano. Inspekta alikuwa na uzoefu wa miaka kumi na tisa na watu wa aina mbili: wanaosema kweli, na waliokariri uongo. Ukiwatazama usoni huwezi kuwatofautisha. Kilichobaki ni kwenda kukagua.

"Kwa nini hukumpigia simu shemeji yako?"

"Lifti ile haikuwa yake, ilikuwa yangu. Jumanne asubuhi nikatumwa mji mwingine. Jumatatu hii wapangaji wakalalamika kuwa lifti inalia, akaitwa yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu." Alitazama mikono yake. "Na sisi mambo ya kazi hatupigiani simu. Kila kitu kinaandikwa kwenye mfumo. Ndiyo amri."

"Uliongea na meneja?"

"Meneja haongei na mafundi. Anaongea na mfumo."

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpana wa mabega, na tangu Jumatatu alikuwa hajanyoa ndevu. Dada yake ndiye mke wa marehemu. Mashemeji hao wawili walifanya kazi kampuni moja ya kutunza lifti kwa miaka kumi na moja. Siku ya mazishi ilifika barua ya kampuni, ikasomwa mbele ya watu: kwamba hakuna ripoti yoyote ya hitilafu iliyowahi kuandikwa kuhusu lifti ya kumi na nne. Kwa maneno mengine, aliyeikagua mwisho aliona ubovu akanyamaza, au hakukagua kabisa. Tangu hapo dada yake hakumsemesha.

"Naweza kwenda?" aliuliza.

"Nenda. Usitoke mjini."

"Nitoke niende wapi, afande?"

Alipoondoka, Koplo alifunga daftari. "Mimi namwona mwongo," alisema. "Mtu asiye na hatia hukasirika."

"Au huchoka," Inspekta alisema. "Twende kwenye kampuni."

*

Meneja wa matengenezo aliwapokea kwa pole nyingi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tano, zulia la kijivu, dirisha refu, na juu ya meza kompyuta moja iliyokuwa imewashwa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama.

"Taratibu alikuwa kama ndugu," alisema. "Lakini kweli lazima isemwe. Alipanda juu ya kibanda cha lifti bila kukagua."

"Wenzake wanasema miaka ishirini na sita hakuwahi kugusa lifti kabla ya kusoma ripoti yake," Inspekta alisema. "Ndiyo sababu ya jina lake."

"Binadamu huteleza."

"Tuonyeshe alichopaswa kusoma."

Kompyuta ya meneja ilikuwa mbele yake, kiasi cha kunyoosha mkono. Hakuigusa. Alisimama, akawapitisha upande wa pili wa ujia mpaka chumba cha mikutano, akawasha skrini kubwa iliyokuwa ukutani. Kikatokea kisanduku kimoja cheupe na neno moja juu yake: Uliza. Huo ndio ulikuwa mfumo wa kampuni wa kutafutia. Fundi, karani, na siku hizi hata wenye majengo, kila mtu aliandika swali lake mle badala ya kupekua makabati.

Meneja akaandika: *lifti 14 breki.*

Jibu likaja moja. Ukaguzi wa miezi sita iliyopita. Hali: nzuri.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Ripoti ya yule shemeji haipo. Haikuwahi kuwepo. Nimetafuta mwenyewe kila mahali."

"Hukuwahi kuiona?"

"Sikuwahi. Nimeandika hivyo kwenye maelezo yangu na nikasaini." Alizima skrini. "Na hata bila ripoti, fundi mzoefu angeingia kwanza chumba cha mota. Breki iliyobaki milimita mbili haihitaji miwani. Angeiona."

Koplo aliandika. Inspekta alimshukuru meneja, akaomba kumwona anayeshughulikia mfumo. Kwenye ngazi alisimama.

"Koplo. Ripoti ya mtaalamu wetu ilisema pedi zimebaki kiasi gani?"

Koplo alifungua mkoba, akatafuta karatasi. "Milimita moja na nusu."

"Chumba cha mota kimefungwa kwa lakiri yetu tangu lini?"

"Jumatatu saa tatu asubuhi, afande. Hakuna aliyeingia ila mtaalamu."

"Na karatasi hiyo ameiona nani?"

"Wewe na mimi."

Inspekta alishuka ngazi mbili, akasimama tena. "Meneja angekuwa amepenyezewa habari zetu, angesema moja na nusu. Amesema mbili. Nani mwingine leo amesema mbili?"

Koplo alifikiri. Kalamu ilibaki hewani.

"Shemeji," alisema.

*

Msichana wa mifumo walimwita Mchoraji. Alikaa ghorofa ya pili, kwenye chumba kisicho na dirisha, vikombe vinne vitupu mbele yake na sweta mwilini kwa sababu ya kiyoyozi. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Alijibu kila swali bila kuwatazama.

"Kwa nini wanakuita Mchoraji?" Koplo aliuliza.

"Kwa sababu nachora vielelezo. Vielelezo pepe."

"Hebu tueleze kama unavyomweleza shangazi yako."

Alifikiri kidogo. "Kampuni ina ghala saba za taarifa. Za mafundi, za vipuri, za mikataba, na kadhalika. Zilitengenezwa miaka tofauti na watu tofauti, haziongei lugha moja. Ukiandika swali, Uliza haiendi ghalani. Inakwenda kwenye kielelezo nilichochora mimi. Ni kama mkahawani. Huingii jikoni, unaletewa karatasi ya vyakula. Kisichoandikwa kwenye karatasi, kwako wewe hakipo, hata kama kinachemka jikoni."

"Na kila mtu ana karatasi moja?"

"Hapana. Kila kundi na yake. Wa vipuri hawahitaji kuona mikataba. Ndio uzuri wa kielelezo. Huhamishi kitu, hufuti kitu. Unachagua tu nani aone nini."

Inspekta alivuta kiti. "Fundi Taratibu aliuliza nini Jumatatu?"

Mchoraji alibofya mara kadhaa. Kumbukumbu za utafutaji zikajipanga kwenye skrini, kila mstari na saa yake. Alisogeza kiti kando ili waone.

Saa mbili na dakika saba asubuhi: *lifti 14 breki.*

Saa mbili na dakika tisa: *lifti kumi na nne inalia.*

Saa mbili na dakika kumi na mbili: *shemeji 14.*

Koplo aliinama karibu na skrini. "Mashine haijui shemeji ni nani," alisema taratibu, kama mtu anayejisemea.

"Haijui," Mchoraji alisema. "Matokeo sifuri."

Marehemu alipanda juu ya kibanda saa mbili na nusu. Lifti tupu ni nyepesi kuliko vyuma vya uzito vinavyoning'inia upande wa pili wa kamba. Breki ikiachia, kibanda hakishuki, kinapanda. Kilipanda ghorofa tatu mpaka kwenye dari. Hayo Inspekta aliyajua tangu Jumatatu. Aliyasoma tena kichwani, kisha akaendelea.

"Sasa nipeleke jikoni. Ghala ya mafundi yenyewe, bila kielelezo. Lifti ya kumi na nne."

Mchoraji aliandika kwa muda mrefu kidogo. Ripoti zikatokea mbili. Ya miezi sita iliyopita, na ya Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tisa na dakika nne alasiri. *Pedi za breki zimebaki mm 2. Hatari. Isimamishwe.* Chini yake, jina la shemeji.

Kiyoyozi kilinguruma.

"Kwa nini haikutokea?" Inspekta aliuliza.

"Angalia safu ya hali. Inasubiri idhini." Mchoraji aliweka kidole kwenye skrini. "Miezi miwili iliyopita wenye majengo walipewa Uliza na wao, waone lifti zao. Meneja akaomba ripoti yenye neno hatari isionekane kwao mpaka yeye aidhinishe. Aliogopa wataona tahadhari wahamaki kabla hazijathibitishwa. Nikaweka kanuni hiyo kwenye kielelezo chao."

"Taratibu hakuwa mwenye jengo."

"Mafundi wanatumia kielelezo hicho hicho." Sasa alinyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Kuchora cha kwao peke yao kungechukua wiki mbili. Meneja alisema, waweke pamoja kwanza, tutatenganisha baadaye."

"Kwa hiyo ripoti ya lifti nzima hupita papo hapo."

"Ndiyo."

"Na ya lifti mbovu husubiri."

"Ndiyo."

"Hukuona kwamba kanuni hiyo itamgusa na fundi?"

"Niliona. Niliandika angalizo."

"Wapi?"

"Kwenye maelezo ya kielelezo, ndani ya mfumo."

"Nani huyasoma?"

Mchoraji alivuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole. "Mimi," alisema. "Siku ile nilikuwa na vielelezo vingine vitatu vya kumaliza. Nikaandika, nikaenda kula."

"Na zinazosubiri idhini, yupo anayeziona?"

"Kuna kielelezo kimoja kinachozionyesha. Cha meneja."

"Kwa hiyo akiandika lifti 14 akiwa kwenye kompyuta yake?"

"Ataiona ya kwanza kabisa. Akiuliza kwa skrini ya chumba cha mikutano ndipo hataiona. Ile imefungwa na kielelezo cha wageni, sawa na cha wenye majengo."

Inspekta na Koplo walitazamana.

"Ghala huweka kumbukumbu ya aliyeifungua ripoti?"

"Huweka." Vidole vikabofya. "Hii imefunguliwa mara moja tu. Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ilikaa wazi dakika moja na sekunde kumi na tano. Akaunti ya meneja."

"Chapisha. Kila ukurasa nisaini mimi na wewe usaini." Inspekta alisimama, kisha akakaa tena. "Ripoti nyingine zinazosubiri idhini ni ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Zote za hatari?"

"Zisizo za hatari hazisubiri, Inspekta."

"Zifungulie mafundi sasa hivi."

"Kubadili kanuni kunahitaji ombi la meneja."

"Andika kwamba ombi ni langu. Weka na namba yangu ya kazi."

Mchoraji aliandika. Alikosea mara mbili na kufuta. Koplo hakungoja. Alivuta simu ya mezani, akaweka orodha ya majengo thelathini na moja mbele yake, akaanza kupiga. "Habari za asubuhi. Polisi hapa. Simamisheni lifti ya pili. Ndiyo, sasa hivi. Aliyemo atoke, mwingine asiingie." Akakata, akaweka alama, akapiga inayofuata. Sauti yake ilikuwa ile ile kwa kila jengo.

*

Meneja alikuwa anakula tunda kwa kisu kidogo. Alipomwona Inspekta peke yake alifuta vidole kwa karatasi na kutabasamu.

"Umepata ulichotaka?"

"Karibu. Naomba ukae kwenye kompyuta yako, uandike maneno uliyoandika kule."

"Tumeshaona pamoja, Inspekta."

"Tuliona ya wageni. Naomba ya kwako."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni bila kazi. Meneja alivuta kibodi. Aliandika herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. *Lifti 14 breki.* Ripoti ya shemeji ikakaa juu kabisa, alama nyekundu pembeni.

"Ah," alisema. "Kumbe ipo. Basi mfumo una kasoro. Sikuwahi kuiona hii, nakuapia."

"Hii ni mara yako ya pili kuifungua. Ya kwanza ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika ishirini."

"Mtu mwingine anaweza kukaa kwenye kiti changu."

"Anaweza. Lakini asubuhi umeniambia breki ilibaki milimita mbili. Chumba cha mota hujaingia tangu ajali, na mtaalamu wangu amepima moja na nusu. Iliendelea kulika wiki nzima, ndiyo maana ilikuwa inalia. Milimita mbili ni kipimo cha Jumatatu ya wiki iliyopita, na kimeandikwa mahali pamoja tu. Hapo unapopatazama."

Meneja alikiweka kisu juu ya sahani. Akakisogeza kikae sambamba na ukingo wa meza.

"Ijumaa wenye jengo walikuwa wanakuja," alisema hatimaye. "Mkataba wa miaka mitano. Wangekuwa wamekaa kule chumba cha mikutano, Uliza iko ukutani. Nikisimamisha lifti yao Alhamisi, wangeniuliza nini?"

"Wangekuuliza kama imetengenezwa."

"Nilisema Jumatatu. Jumatatu nikifika tu naidhinisha, naisimamisha, siku nne haziharibu kitu."

"Jumatatu ulifika saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro. Kulikuwa na foleni."

Inspekta alitoa karatasi tupu kwenye mkoba, akaiweka mbele yake pamoja na kalamu.

"Maelezo yako ya kwanza yanasema hukuwahi kuiona. Andika ya pili. Anzia Alhamisi."

"Nahitaji wakili?"

"Ni haki yako. Umpigie sasa au baada ya kufika kituoni. Utakwenda na sisi."

Alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Na barua ile ya mazishini? Niliandika kwamba hakuna ripoti. Wanasheria ndio walionishauri nisi..."

"Hiyo pia utaiandika," Inspekta alisema. "Nani alishauri, na ulimjibu nini."

Koplo alitokea mlangoni, orodha mkononi. "Thelathini na moja zote zimesimama, afande. Moja mtu alikuwa ndani. Ametoka salama, analalamika kachelewa kazini."

"Kaa naye," Inspekta alisema, akionyesha meneja kwa kidevu. "Mimi naenda mahali."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa ukutani, vingi vitupu. Wageni walishaanza kupungua. Mjane alikuwa jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa motoni na yeye alikuwa anaikoroga, ingawa haikuhitaji kukorogwa.

"Karibu, afande. Kaa."

"Nitasimama, dada. Sina muda mrefu." Inspekta alingoja mpaka mwiko ukasimama. "Nimekuja kukwambia kabla hujasikia kwa watu. Kaka yako aliandika ile ripoti. Jumatatu ya wiki iliyopita. Aliandika breki imekwisha, lifti isimamishwe."

Mjane hakugeuka.

"Barua ilisema haipo."

"Barua ilisema uongo. Ripoti ilifichwa na kanuni iliyowekwa kwenye mfumo wao. Anayeweza kuifungua aliiona Alhamisi, akaiacha."

"Na mume wangu hakuisoma? Yeye, hata dawa ya kikohozi husoma karatasi mpaka mwisho."

"Aliitafuta. Mara tatu, kwa dakika tano. Mara ya tatu aliandika shemeji."

"Aliandika shemeji?"

"Shemeji, kumi na nne."

Mjane alifunika sufuria. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakulia. Alitazama mlango wa kabati kama anayesoma kitu pale, na Inspekta, ambaye alikuwa amezoea vilio, hakujua aweke wapi macho yake.

"Huyo aliyeiona," mjane alisema, "atafungwa?"

"Sijui, dada. Nitapeleka ushahidi wote. Kuhukumu si kazi yangu."

"Sawa." Alifikiri. "Sijamsemesha kaka yangu tangu mazishi. Jana nilimwambia mama amwambie asikanyage hapa."

Mjane alichukua simu iliyokuwa juu ya dirisha, akabonyeza, akaiweka sikioni. Iliita mara moja tu. Ikapokelewa.

"Njoo ule," alisema. "Chakula kimeiva."